Shahada Chini ya Tranka

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko kijana aliyemaliza chuo naye angali anashinda sebuleni akingoja simu isiyolia, basi maneno ya leo nayaelekeza kwako zaidi. Nataka kukusimulia safari niliyoifanya pamoja na dada yangu mkubwa hadi kambi moja ya Jeshi la Kujenga Taifa huko Nyanda za Juu Kusini, kumshuhudia binti yake akihitimisha mafunzo ya awali. Niliondoka Dar es Salaam nikidhani kwamba nitarudi na habari za gwaride. Gwaride nililiona, na lilipendeza, lakini si hilo lililoninyima usingizi ndani ya basi wakati wa kurudi.

Mpwa wangu huyu ana shahada ya uhasibu. Mama yake ni fundi cherehani huko Mbagala. Sare za shule za watoto wa mitaa mitatu zimepita chini ya sindano yake, na kwa sare hizo alimsomesha binti tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita. Chuo kikuu kililipiwa na Bodi ya Mikopo, maana yake ni kwamba hakijalipiwa bado. Baada ya kuhitimu, binti alikaa nyumbani mwaka mmoja na miezi minane. Alipeleka maombi ya kazi mpaka akaacha kuyahesabu, yeye ambaye kuhesabu ndiyo taaluma yake. Aliitwa kwenye usaili mara nne. Mara ya mwisho walioitwa walikuwa wengi hata ikabidi wafanyie mtihani kwenye uwanja wa mpira.

Ndipo zikatangazwa nafasi za vijana wa kujitolea katika JKT, wale wanaoingia kwa mkataba wa miaka miwili. Mtaa mzima ukawa na neno moja: mpeleke mtoto, huko ndiko kwenye mlango wa ajira, akitoka hapo ni polisi, magereza, uhamiaji, au jeshini moja kwa moja. Na kama ilivyo desturi ya mijini, penye mlango hapakosi bawabu wa bandia. Akaja bwana mmoja mwenye maneno laini, akasema anaye mtu wake ndani atakayelipitisha jina. Bei yake ilikuwa shilingi laki tatu. Dada yangu alizitoa kwenye kikoba chao cha akina mama bila kumwambia mtu yeyote, hata mimi nduguye.

Ndugu msomaji, maombi ya kujitolea JKT hupitia ofisi za wakuu wa wilaya na mikoa, wala hayalipiwi. Jina la binti lilitoka kwa sababu alikuwa na sifa, kama yalivyotoka majina ya wenzake ambao mama zao hawakutoa hata senti moja. Lakini nani angethubutu kumwambia hivyo dada yangu siku ile, mtaa mzima ukipiga vigelegele?

Tranka ilinunuliwa Kariakoo. Ndani yake zikaingia bukta za bluu zinazofika magotini, fulana za kijani, raba, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za rangi ya bluu bahari, na sweta nene, maana kambi aliyopangiwa iko katika nchi ya baridi. Chini kabisa, mama mtu akaweka bahasha ya nailoni yenye shahada. Binti akasema kwamba nakala ingetosha. Mama akakataa kata kata: “Siku afande atakapouliza nani ana shahada, utamwonyesha nakala?”

Afande aliuliza kweli. Ilikuwa asubuhi moja ya juma la tatu, kuruta wote wamesimama mistarini, pumzi zinatoka vinywani kama moshi. “Nani hapa ana shahada?” Mikono kama kumi ikainuka, na wa mpwa wangu haukuwa wa mwisho. Wakaamriwa kusonga mbele hatua tatu, wakapelekwa mwendo wa haraka hadi jikoni, wakakabidhiwa sufuria za ugali wa usiku uliopita. Siku chache baadaye likaja swali jingine: “Nani ana leseni ya udereva?” Safari hii binti akautuliza mkono wake. Waliojitokeza walipewa matoroli ya kubebea mchanga. Nimesimuliwa na wazee kwamba mzaha huu ni wa zamani kama kambi zenyewe, na kwamba kila kundi linaloingia hunaswa nao upya.

Hapa niruhusu nirudi nyuma kidogo, kwani swali hilo la msomi na kambi si geni katika nchi yetu. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na mwanzoni ilikuwa ya vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba wanaomaliza vyuo nao watatumikia kwa lazima miaka miwili: miezi michache kambini, na muda uliobaki wafanye kazi zao za kawaida kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wakaandamana kupinga. Bango mojawapo lilidai kwamba wakati wa mkoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao, naye akajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 siku hiyo hiyo. Baadaye vijana wale walisamehewa wengi wao, na mpango ukaendelea. Ruvu, Mafinga, Oljoro, Makutupora, Bulombora: taja majina haya mbele ya mtumishi yeyote aliyestaafu, uone macho yake yanavyobadilika.

Baba yetu, ambaye ni babu wa binti huyu, alihitimu mwaka 1973 akapelekwa Ruvu. Hata leo hulalamikia mshahara ule uliokatwa, nusu kwa utani na nusu kwa dhati. Lakini alipokuwa huko kambini alikuwa ameshajua wizara atakayofanyia kazi. Meza yake ilikuwa inamngoja. Mimi mwenyewe sikwenda, kwa kuwa utaratibu wa lazima ulisimamishwa mwaka 1994 ukarejeshwa 2013, mwaka ambao hata wabunge vijana kadhaa walivaa sare wakalala kambini. Nami nilimaliza kidato cha sita katikati ya kipindi hicho. Kwa hiyo mbele ya waliopita jeshini mimi hunyamaza. Mpwa wangu alipomaliza kidato cha sita, jina lake halikuwamo katika orodha ya walioitwa. Ameingia sasa, mtu mzima, kwa hiari yake.

Tafakari tofauti hiyo, msomaji wangu. Msomi wa 1966 aliudhika kwa kuwa asilimia 60 ya mshahara wake ingechukuliwa. Mhitimu wa leo aliyesoma kwa mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara ili kuulipa, na wengi wangeshukuru kukatwa, kwa maana mkato ungethibitisha kwamba mshahara upo. Babu alikwenda kambini akiwa na kazi, akafundishwa asiwadharau wasio nayo. Mjukuu anakwenda kambini kuitafuta kazi yenyewe. Majengo ni yale yale, filimbi ni ile ile, bali anayeingia langoni amebeba mzigo mwingine kabisa.

Tulifika kambini asubuhi ya siku ya gwaride. Wazazi walikuwa wengi, wengine wamelala stendi usiku kucha. Vijana walipita mbele ya mgeni rasmi kwa mwendo wa pole na kisha wa haraka, buti zikishuka kwa pamoja, na dada yangu hakumtambua mwanawe mpaka nilipomwonyesha. Nywele zilizokuwa zikisukwa kila mwisho wa mwezi zimenyolewa. Shingo imesimama. Dada alilia kidogo, akajipangusa kwa ncha ya khanga, kisha akamgeukia mama aliyeketi kando yake, ambaye hawakuwa wamejuana hata kwa saa moja, akamwuliza: “Sasa wataajiri lini?” Yule mama akajibu kwamba yeye amesikia ni baada ya miezi sita. Mzee wa mbele yetu akageuka akasema yeye amesikia ni mwaka. Wakaendelea kubishana hivyo hadi hotuba zilipokwisha.

Baada ya gwaride tuliruhusiwa kukaa na watoto wetu. Tukaketi chini ya mti, dada akafungua chakula alichopika tangu Mbagala, na binti akala kwanza, akasema baadaye. Alitusimulia juu ya filimbi ya saa kumi alfajiri na mchakamchaka gizani. Malengelenge yaliyopasuka miguuni na kuota upya. Hanga lenye vitanda vya juu na chini ambamo msichana wa Tanga na wa Kagera hugombania blanketi. Usiku wa kwanza wa lindo, alipoiamuru ng'ombe isimame na kujitambulisha. Tulicheka mpaka watu wakatutazama.

Kisha akatusimulia habari ya shamba, na hapo sauti ikashuka.

Siku ya kwanza ya kupalilia mahindi, yeye na wasomi wenzake waliachwa nyuma na kila mtu. Jembe lilimgeukia mkononi. Msichana mmoja wa Rukwa, aliyeishia kidato cha nne, akaumaliza mstari wake, akarudi, akaingia katika mstari wa mpwa wangu bila kuombwa, akamwonyesha namna ya kulishika jembe ili uzito wake ufanye kazi badala ya mkono. Wakati wa mapumziko akamwuliza alisomea nini. Uhasibu, akajibu. Uhasibu ndiyo nini? Kuhesabu fedha. Msichana akafikiri, kisha akauliza: “Za nani?”

“Mjomba,” binti aliniambia, “miaka mitatu ya chuo hakuna aliyeniuliza hivyo. Sikuwa na jibu.”

Urafiki ukaanzia hapo. Jumapili mchana, kuruta wanapofua na kuandika barua, yule wa Rukwa alileta maneno ya nyumbani kwao: baba yake hulima mahindi na maharage, huuza kila msimu, na kila msimu fedha huisha kabla ya mbegu za msimu mwingine kununuliwa. Mpwa wangu akachukua daftari. Mbegu kiasi gani? Mbolea? Vibarua wa kupalilia na wa kuvuna? Magunia, usafiri, ushuru? Msichana alikumbuka vizuri kuliko vitabu vingi vya hesabu, kwa kuwa alikuwapo katika kila shilingi iliyotoka. Walipofika chini ya ukurasa, ikaonekana kwamba mzee yule, mkulima hodari anayeheshimiwa kijijini, kwa misimu miwili mfululizo alikuwa ameuza mahindi yake kwa bei iliyo chini ya gharama ya kuyalima. Maharage ndiyo yaliyokuwa yakiilisha nyumba, naye alikuwa amefikiria kuyaacha ili apanue shamba la mahindi. Barua ikaandikwa siku hiyo hiyo. Mzee amejibu kwamba mwaka huu atapunguza mahindi.

“Hizo ndizo hesabu za kwanza nilizofunga tangu nitoke chuo,” binti alisema. Nilimtazama usoni, nikaona kitu ambacho sikukiona kwa mwaka mmoja na miezi minane alipokuwa pale sebuleni.

Mama yake hakukiona, au alikiona akakipita. Aliuliza lile alilokuja kuuliza: “Na ajira, mwanangu?”

Binti akaliweka chini bakuli. “Mama, hapa hawaajiri. Tangazo lenyewe lilisema. Hapa wanafundisha, basi. Nafasi zikija za jeshi au polisi nitapanga mstari kama wenzangu. Lakini usijenge nyumba juu ya mstari huo.”

“Yule bwana alisema...”

“Bwana gani?”

Hivyo ndivyo laki tatu zilivyojulikana. Msomaji wangu, nimeona watu wakipewa habari za misiba wakastahimili kuliko binti yule. Hakupaza sauti. Alisimama, akaivua kofia, akaivaa tena, akasema polepole: “Mama, mimi niliingia kwa vyeti vyangu. Nilikimbia, nikapimwa, nikaulizwa, nikapita. Umemlipa mtu kwa kitu nilichokipata mwenyewe.” Dada yangu akainamia kikapu akaanza kupanga vyombo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Sitaki kumwekea dada yangu lawama yote, na nakuomba nawe usifanye haraka. Ni kweli kwamba matangazo ya JKT huandika waziwazi kuwa jeshi hilo halitoi ajira wala halimtafutii kijana ajira penginepo, bali humpa mafunzo ya kumwezesha kujiajiri. Lakini mwananchi husoma kwa macho na pia kwa masikio. Vijana waliojenga ukuta wa Mirerani, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 24, waliahidiwa ajira hadharani siku ya uzinduzi wake mwaka 2018, na nchi nzima ikasikia. Wengine wakajenga, wakalima, wakangoja zamu yao. Aprili 2021 vijana 854 waliondolewa makambini baada ya kugoma wakidai kuandikishwa jeshini. Mgomo ndani ya jeshi haukubaliki, na sitautetea. Hata hivyo, yafaa tujiulize matumaini yale waliyapata wapi, na kama sisi tuliobaki majumbani hatukuyachochea kila tulipompigia mtoto simu tukiuliza: tayari?

Kwa mtazamo wangu, kambi inatimiza kazi yake ikiwa imemkutanisha mhasibu asiye na hesabu na mkulima asiye na mhasibu. Kazi inayobaki ni ya sisi wengine. Vyama vya ushirika vya msingi viko vijijini vikitafuta mtu wa kuaminika wa kushika vitabu. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na humo asilimia 4 ni fungu la vijana walio katika vikundi. Fungu hilo lina masharti yake na foleni yake, nami sidai kwamba ni mteremko. Mpwa wangu na rafiki yake wameshaanza kuyasoma masharti hayo, wakiwa na mkataba wa kambi ambao bado una muda mrefu. Wanataka kuanza na maharage.

“Nimemsomesha miaka kumi na sita,” dada yangu aliniambia tulipokuwa tunatoka langoni, “akauze maharage?” Nilikuwa na majibu mengi ya gazetini. Sikutoa hata moja, kwa sababu aliyekaa kwenye cherehani miaka hiyo kumi na sita ni yeye.

Kabla hatujaachana, binti alikimbilia hangani akarudi na ile bahasha ya nailoni. Alimkabidhi mama yake, akasema huku kuna unyevu, shahada itaharibika, ikihitajika ataiagiza. Dada aliipokea kwa mikono miwili.

Alikaa nayo mapajani tangu tulipopanda basi. Tulipita Iringa bila kusema neno, tukateremka Kitonga, jua likatuchwea tukiwa Mikumi. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa macho, na aliponigutusha alianza kwa swali ambalo sikulitazamia: yule mzee wa Rukwa, hasara yake ilijulikanaje? Nikamweleza kama nilivyoelewa, kwamba unaandika kila kinachotoka hata kilicho kidogo, kisha unaandika kilichoingia. Akanyamaza kitambo. Halafu akaanza kuhesabu sare moja kwa vidole: kitambaa, uzi, vifungo, zipu, umeme, kodi ya kibanda, nauli ya kwenda Kariakoo. Aliniomba kalamu. Hakuwa na karatasi, na bahasha ile hakuthubutu kuiandika juu, basi nikampa daftari langu la kazi.

Aliandika tangu Morogoro hadi Chalinze, akifuta na kuandika upya, daftari likimruka kila basi lilipotikisika. Alipofika kwenye zile laki tatu akasita, kalamu mkononi, akaniuliza ziandikwe upande gani.